Uzi wa kuziba mshipa wa panya: Koizumi au Longa?

Swali: Shikamoo dokta. Nasoma masters hapa Mwanza, nataka kujaribu dawa ya mitishamba kwa panya waliosababishiwa kiharusi, wanapewa dawa damu ikisharudi kwenye ubongo. Uzi wa kusukuma toka shingoni hadi uzibe mshipa wa ubongo, kisha uchomolewe, niupitishe kwa njia ya Koizumi au ya Longa? Na mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki wa pale Mwaloni Kirumba unafaa? Nyuzi za kuagiza bei imechangamka.

Jibu: Marahaba. Nenda na Longa, na sababu umeishaitaja mwenyewe, "damu ikisharudi". Kwa Koizumi (1986) uzi unapita kwenye karotidi kuu, mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kichwani, na hiyo karotidi inafungwa jumla, kwa hiyo hata ukichomoa uzi damu inabidi izungukie upande wa pili kupitia mishipa ya chini ya ubongo, na hapo panya hawafanani, huyu inamrudia nyingi yule kidogo, utashindwa kujua ni dawa yako au ni mishipa yake. Longa (1989) anapita kwenye kisiki cha karotidi ya nje, yaani kipande kinachobaki tawi hilo likishakatwa, ukitoa uzi unafunga kisiki, karotidi kuu inabaki wazi. Mkono unasumbuka zaidi, sikatai, alafu misuli ya kutafuna inapungukiwa damu panya wanakonda, walowekee pelet, kile chakula chao kikavu. Ile ya Tamura (1981) ya kutoboa fuvu na kuunguza ateri achana nayo, damu hairudi tena.

Mshipi wa Kirumba, aisee nailoni ni nailoni, ishu ni unene na ncha. Longa alitumia uzi wa kushonea wa saizi 4-0, ncha kaiyeyusha kwa moto, ila ncha ya hivyo ikikaa vibaya inatoboa mshipa au damu inapita pembeni. Ipake silikoni, kwa panya wa gramu 250 hadi 300 ncha ifike kama milimita 0.35 mpaka 0.4, na upime kila uzi kwenye hadubini, hapa macho matupu yanadanganya. Uzi unaingia kama milimita 18 hadi 20 kutoka karotidi inapogawanyika, ukikwama mapema ujue umeingia tawi la pterigopalatini, linalochepuka kabla ya kufika kwenye ubongo, vuta nyuma taratibu, usilazimishe.

Joto nalo, usiseme Mwanza kuna jua, panya aliyelala kwa dawa ya usingizi anapoa haraka, mweke 37 na uwe na chupa za maji ya moto umeme ukikatika. Kama kuna idara ina leza dopla, mashine ya kupima mtiririko wa damu, kaiazime, bila hiyo huna uhakika mshipa umeziba. Na andika kwenye proposal kabisa panya yupi utamtoa, mfano aliyevuja damu kichwani au aliyeamka hana dalili yoyote, usije kuamua hayo ukishaona matokeo.