Kutembea mlimani karibu na Nairobi: Kilimambogo au Ngong?

Ndugu, umeuliza ni mlima gani ulio karibu na Nairobi ambao familia inaweza kuupanda na kurudi nyumbani jioni iyo hiyo. Mimi ningechagua Ol Donyo Sabuk, ng'ambo ya Thika, mlima wenye urefu wa mita 2,145 ambao wenyeji huuita Kilimambogo, jina linalokuonya mapema kwamba humo msituni mna nyati. Kwa sababu hiyo, ombeni langoni askari wa wanyamapori awasindikize. Nilipopanda mara ya mwisho, yule wetu alisimama ghafla, akatuonyesha kinyesi kilichokuwa bado kinafuka mvuke katikati ya njia, nasi tukanyamaza kama tuliomwagiwa maji. Njiani mtaliona kaburi la William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925, na kukiwa kweupe mtauona Mlima Kenya.

Ngong ni karibu zaidi na inafikika kwa matatu, lakini mgongo wake uko wazi na upepo hauna huruma (mitambo ya umeme haikuwekwa pale bure), kwa hiyo wavalisheni watoto masweta.