Dada yupi?

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiza mara mbili. Unauliza yule Mgujarati wa kazini kwenu anavyomwita babu yake "dada", je wao ndio wamechukua neno letu au sisi tumechukua lao. Nitakujibu, lakini kwanza lile ninalowaambia tangu mko wadogo, neno ni la anayelisikia, sio la anayelisema.

Haya. Kigujarati dada ni babu mzaa baba. Kibengali, India hiyo hiyo, dada ni kaka mkubwa. Na kaka yenyewe kwa Wagujarati ni ami yako, halafu mama ni mjomba! Huko Georgia mama ndio baba. Mtoto wa Kifaransa akisema dada anamaanisha farasi. Kuna mtaalamu wa lugha, Roman Jakobson, aliandika kwenye 1960 hivi kwamba maneno haya yanaanzia kwenye vinywa vya watoto wachanga, ma-ma, ba-ba, da-da, ndio sauti nyepesi, kisha wakubwa wa kila kabila wanaamua mtoto kamwita nani. Kwa hivyo usigombane na mwenzio nani kamuibia nani.

Ila mimi nikilisikia neno hilo naiona Kilifi.

1987, wewe hujazaliwa, nilikuwa karani duka la leso pale Biashara Street, Mombasa. Mwenye duka, Mgujarati, unamjua kwa picha, yule mzee wa kofia nyeusi kwenye harusi yetu, ndiye aliyenifunza hesabu na akanikopesha pesa ya mahari bila kuandika popote. Mimi nikimwita Mzee, kwao wote wakimwita Dada. Siku hiyo hakuja, alikuwa na homa. Saa saba hamali akaniletea kikaratasi, Kiswahili safi kabisa: "Dada mgonjwa sana, anakutaka, njoo upesi."

Moja kwa moja akili yangu kwa shangazi yako Malindi. Sikuuliza kimetoka kwa nani, wallahi sikuuliza, nikafunga duka nikakimbilia matatu. Daraja la Kilifi lilikuwa bado, limefunguliwa 1991, wakati huo ni feri, na foleni ya siku hiyo sijaiona tena, nimekaa pale nalia mbele za watu mpaka mama mmoja akaninunulia madafu. Kufika Malindi usiku, shangazi yako yuko jikoni anakaanga samaki, mzima, ananitazama, "We, kuna nini, nani kafa?" Nikacheka sana. Nikala wale samaki, nikalala usingizi mzito.

Kesho yake adhuhuri narudi, duka limefungwa, nakwenda nyumbani kwao nakuta watu wamevaa nyeupe, wamesharudi kumchoma. Mjukuu wake, ndiye aliyeandika, akaniambia tu, "Alikuulizia mara mbili."

Sasa nani mwenye kosa? Kuna siku nasema ni la kijana, si alijua anamwandikia Mswahili, angeandika babu yakaisha. Halafu nasema hapana, aliandika vile anavyomwita babu yake tangu kuzaliwa, mtu yuko kwenye kitanda cha mgonjwa atafikiria tafsiri saa ngapi? Na mimi je, miaka sita nasikia Dada chai tayari, Dada viatu viko wapi, na nilikuwa najua fika mzee anaumwa! Masikio yalijua, macho ndio yaliposoma yakasoma Kiswahili. Neno ni la anayelisikia, nimesema hivyo maisha yangu yote, basi kama ni kweli kosa ni langu, na kama si kweli nimewafunza uongo. Mamako anasema si kosa la mtu. Mimi nina langu la kusema, liko hapa kooni, ila sitaliandika kwa sababu yule kijana sasa ni mzee mwenzangu na kila Diwali anatuletea mithai kwa mkono wake mwenyewe.

Muulize huyo mwenzio bibi yake mzaa baba anamwitaje, atakwambia dadi.

Kikaratasi ninacho, kiko kwenye ule mkebe wa vyeti vyenu vya kuzaliwa, ukija Disemba nitakuonyesha. Shangazi yako anakusalimia, yuko hapa, kaja na samaki.

Babako