Viti 28, majaji zaidi: kuisoma orodha ya mahakama ya shirikisho ya New York

Swali: Katika orodha ya majaji wa Mahakama ya Shirikisho ya Wilaya ya Kusini ya New York, William Peter Van Ness ametajwa chini ya mahakama mbili ingawa aliteuliwa mara moja tu, mwaka 1812. Tena sheria inatoa viti 28, lakini majaji wanaosikiliza kesi wanazidi hapo. Je, orodha imekosewa?

Jibu: Haijakosewa. Orodha ya namna hii hueleweka ukifuata historia ya kiti kabla ya jina la jaji, kwa sababu kiti huundwa kwa sheria ya Bunge, ilhali jaji huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti ili akikalie kiti hicho.

Sheria ya mwaka 1789 iliunda wilaya 13 za kimahakama zenye jaji mmoja mmoja, na New York ikampata James Duane, aliyekuwa meya wa jiji. Mahakama yake iliketi Novemba mwaka huohuo, kabla hata Mahakama ya Juu haijaketi. Mwaka 1812 Bunge liliongeza kiti cha pili, akateuliwa Van Ness kuungana na Matthias Tallmadge. Miaka miwili baadaye wilaya ikagawanywa, Tallmadge akapangiwa Kaskazini na Van Ness Kusini. Mgawanyo huo ulifanywa na sheria yenyewe, kwa hiyo Van Ness hakuhitaji uteuzi mpya, na ndiyo sababu unamwona mara mbili. Kusini ilibaki na kiti kimoja hadi 1903. Samuel Betts peke yake alikikalia takribani miaka 40, jambo ambalo kwangu ni la kustaajabisha, maana bandari ile ilizalisha mashauri mengi mno ya meli na shehena.

Kuhusu idadi, tangu 1919 jaji aliyetimiza masharti ya umri na utumishi anaweza kuwa jaji mwandamizi: kiti chake huhesabiwa kuwa wazi, mwingine huteuliwa, naye huendelea kusikiliza kesi. Constance Baker Motley, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho, aliteuliwa 1966, akakiacha wazi kiti chake 1986, lakini akabaki jaji hadi alipofariki 2005. Majaji wa aina yake hawamo katika wale 28.