Pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye gololi

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: ni kitu gani kikuukuu umekifufua kwa pesa kidogo, na ulianza na nini? Najibu kutoka Nzega, huku kwetu ambako baiskeli hubeba maji, mkaa, mgonjwa na mwalimu. Mwalimu mwenyewe ni mimi. Shule yangu iko kilomita 7 kutoka nyumbani, na nilichofufua ni Raleigh nyeusi ya marehemu baba mkubwa, ya matairi ya inchi 28 na breki za fimbo. Mfukoni nilikuwa na shilingi 60,000.

Nilianza na gololi, zile za chuma zilizo ndani ya gurudumu. Nasisitiza hivyo kwa sababu mwaka juzi nilianza na rangi. Ilipakwa juu ya kutu, ikang'aa, watoto wa jirani wakaishangilia. Wiki ya tatu gurudumu la nyuma likakwama njiani, nikaikokota juani hadi nyumbani, ikarudi ghalani. Pesa yote ilikuwa imeishia kwenye rangi. Kutu ya juu ya fremu haimzuii mtu kufika anakokwenda. Gololi mbovu humzuia.

Safari hii nilifungua gurudumu la nyuma kwanza. Grisi ilikuwa imegeuka ukoko mweusi, ikabidi niikwangue kwa kijiti kisha nioshe kila kitu kwa mafuta ya taa kwenye bakuli la zamani. Kila upande hukaa gololi 9. Upande mmoja nilikuta 7, na mbili kati ya hizo zimemeguka. Zile zilizoonekana nzima nilizishika moja moja nikazigeuza kwenye mwanga: zilikuwa na vishimo vidogo kama ngozi ya ndimu. Fundi mmoja mzee wa hapa sokoni akaniambia, "Mwalimu, usichanganye mpya na kuukuu." Sababu yake ni kwamba zile kuukuu zimekwisha unene, kwa hiyo mzigo wote hubebwa na mpya chache, nazo hufa upesi. Nikanunua zote 18. Ukishapaka grisi mpya, gololi hunata zenyewe mahali pake, unazipanga bila haraka. Halafu unabana koni, ile nati inayozishikilia gololi, mpaka gurudumu lisicheze kushoto na kulia, lakini lizunguke kwa uhuru. Kipimo alichonifundisha mzee ni hiki: liinue gurudumu, liachie lijitulize lenyewe. Ile sehemu ya kujazia upepo ni nzito kidogo, kwa hiyo ikishuka yenyewe hadi chini, umebana sawasawa. Nilirudia mara nne. Ilipotelemka taratibu na kutulia chini, niliita watoto waje kuona.

Pini zinazoshikilia mikono ya pedeli kwenye ekseli ndizo zilizonitoa jasho. Zilikuwa zimeshikana na kutu, nikazitia mafuta jioni nikaziacha zilale. Asubuhi mzee akaweka kipande cha bomba chini ya mkono wa pedeli kama nguzo, akalegeza nati ikawa sawa na ncha ya pini ili hesi, ile mistari ya kufungia nati, zisiharibike, akapiga pigo moja zito. Pini ikatoka. Vipigo vingi vidogo huikunja tu.

Hapo nusura nipoteze pesa. Muuzaji mmoja alitaka kunibadilishia vikombe vinavyoshika gololi za ekseli ya pedeli ndani ya fremu, vya baiskeli ya aina nyingine, akisema vyote ni sawa. Si sawa. Raleigh za zamani zina hesi 26 kwa kila inchi, wakati baiskeli nyingi nyingine zina 24. Ukilazimisha, unaua fremu. Vikombe vyangu vya asili vilioshwa tu, vikarudi.

Cheni niliipima kwa rula ya darasani: pini ya kwanza kwenye sifuri, ya 25 inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu ya nane ya inchi, cheni imekwisha. Yangu ilipita kidogo sana, nikaiacha. Ringi iliyopinda niliinyoosha kwa kipande cha chaki. Nilikifunga kwenye fremu kiguse ringi kidogo tu, nikazungusha gurudumu, na kila palipochorwa pakajulikana ndipo panapoegemea. Spoki za upande huo nikazilegeza robo mzunguko, za upande wa pili nikazikaza robo mzunguko. Kazi ya subira, lakini haina gharama.

Hesabu ni hii: gololi, grisi na pini mbili, 9,000, tairi moja na tyubu yake, 24,000, raba za breki, 4,000, mzee, 8,000. Zikabaki 15,000, nami nikazificha zisije zikaniponyoka kwenye rangi. Chapa ya mbele yenye kichwa cha korongo niliisugua kwa maji na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, hadi kichwa chake kikaonekana tena. Shangazi alipokiona alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia marehemu alikuwa akikipangusa kwa kanga ya shangazi kila Jumapili.

Sasa ni wiki ya tisa naenda nayo shuleni. Tairi la mbele ni lilelile la zamani, lina ufa pembeni. Zile 15,000 zinasubiri nyongeza ya mwisho wa mwezi, tulibadilishe pamoja na tyubu.

Mwalimu, Nzega