Mama, inhela na chupa ya maji

Dada, umeuliza kwa nini mama hapo mtaani Langoni anatumia inhela yake ya salbutamol, dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, na kifua bado kinambana. Mara nyingi kosa liko mkononi: anabonyeza kabla hajaanza kuvuta, dawa inaishia ulimini.

Mtengenezee speisa, yaani chombo cha kushika dawa kati ya inhela na mdomo. Chukua chupa ya maji ya mililita 500, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hushika umeme na dawa hunata ndani ya chupa. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu lifanane na mdomo wa inhela na likaze kabisa. Tikisa inhela, ichomeke. Mama atoe pumzi, abane mdomo wa chupa kwa midomo yake. Bonyeza mara moja tu, naye avute na kutoa pumzi humo humo mara 4 au 5. Ya pili isubiri nusu dakika, na utikise tena. Kubonyeza mbili kwa pamoja ni kumwaga dawa.

Halafu yeye akufundishe wewe. "Nimefahamu" pekee haitoshi.

Ngazi zenu za Lamu ni kali: avute kwa pua akiwa amesimama, apande akitoa pumzi kwa midomo iliyobinywa, kama apulizaye uji wa moto. Jiko la makaa litoke ndani, na chetezo cha udi pia (najua, atanuna).

Akishindwa kumaliza sentensi, au ndani ya midomo kukageuka buluu, hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.