Kwa Mnaoanza Kuandika Habari za Hoki ya Barafu Msimu Ukiwa Ukingoni

Machi ikishaingia, simu ya mwandishi wa hoki ya barafu haitulii. Fulani kaumia, fulani kauzwa, kijana katoka chuo kikuu kasaini mkataba, kipa wa akiba kapangwa kuanza. Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya kuwaandikia Waswahili habari za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, mtatamani kuzirusha zote kama zilivyokuja. Subirini kwanza. Mwishoni mwa msimu habari ya timu haisomeki mpaka ujue timu yenyewe inatafuta nini wiki hiyo: inapigania kufuzu, imeshafuzu na inapumzisha watu wake, au imekata tamaa na inauza. Majeruhi yuleyule ana uzito tofauti katika kila hali.

Kwa hiyo anza na msimamo, na uusome vizuri kuliko unavyousoma wa mpira wa miguu. Timu ni 32, na zinazoingia mchujo, yaani hatua ya mtoano ya kumtafuta bingwa, ni 16, nane kutoka kila kanda. Kila kanda ina makundi mawili; watatu wa juu wa kila kundi wanapita moja kwa moja, kisha nafasi mbili za nyongeza zinagombewa na wote waliobaki katika kanda hiyo. Kushinda ni pointi mbili. Kufungwa ndani ya dakika 60 ni sifuri, ila ukifungwa kwenye muda wa nyongeza au penalti unaokota moja. Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea: pengo la pointi nne zikiwa zimebaki mechi nane linaonekana dogo, kumbe aliye mbele anaweza kufungwa mara tatu kwenye muda wa nyongeza na bado akaongeza pointi tatu. Angalia viporo pia kabla hujaandika kwamba timu fulani "imeipita" nyingine. Na pointi zikilingana msimu ukiisha, kinachoangaliwa kwanza ni nani ana ushindi mwingi zaidi wa ndani ya dakika 60. Tofauti ya mabao iko mbali sana chini ya orodha, kwa hiyo usiikimbilie kwa mazoea.

Mwaka 2025, Kanda ya Magharibi, Calgary walimaliza na pointi 96 wakabaki nje, kwa sababu St. Louis nao walikuwa na 96 na walishinda mechi nyingi zaidi ndani ya muda wa kawaida. Kanda ya Mashariki, Montreal walipita na pointi 91. Mwandishi asiyejua makundi na kanda angeiita dhuluma. Anayejua anaandika aya moja ya maelezo na msomaji anaelewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Aprili 2024, Philadelphia wakiwakaribisha Washington. Mechi ilikuwa 1-1, dakika za mwisho, na Philadelphia wakamtoa kipa wao ili waingize mshambuliaji wa ziada. Kumtoa kipa ukiwa unafungwa ni jambo la kila siku katika mchezo huu. Kumtoa wakati mko sare ni kama wazimu. Lakini Philadelphia walihitaji ushindi wa ndani ya dakika 60, maana ushindi wa muda wa nyongeza usingewasaidia chochote. T.J. Oshie wa Washington akatumbukiza kisahani, ambacho ndicho mpira wa mchezo huu, kwenye goli tupu, Washington wakashinda 2-1 wakafuzu, wakiwa na pointi 91 sawa na Detroit waliobaki nje. Ukiwa umefanya hesabu zako asubuhi, jioni unajua unachokiona. Usipozifanya, utaandika kwamba kocha amechanganyikiwa.

Sasa majeruhi, eneo lenye giza kuliko yote. Klabu hazisemi ukweli wote, na hazilazimiki kuusema. Utapewa "jeraha la sehemu ya juu ya mwili" au "la sehemu ya chini", basi. Liandike hivyohivyo. Usigeuze kuwa bega wala goti kwa sababu uliona mtu kashika bega. Sababu ya usiri inaeleweka: mpinzani akijua mbavu zipi zimevunjika, ndizo atakazozigonga.

Ila kuna dalili unazoweza kuziripoti bila kubahatisha. Asubuhi ya siku ya mechi timu nyingi hufanya mazoezi mepesi. Tazama nani kavaa jezi ya rangi tofauti, ile inayowaambia wenzake wasimgonge. Tazama safu za ushambuliaji za watu watatu watatu na jozi za mabeki: aliyesimama pembeni kama mtu wa ziada huenda jioni akakaa jukwaani kwa suti. Kipa anayeondoka barafuni mapema kuliko mwenzake mara nyingi ndiye atakayeanza. Kwenye kurasa zetu, sentensi moja ya namna hiyo, ukisema wazi kwamba ni mazoezini tu na kocha hajathibitisha, ina thamani kuliko aya tatu za tetesi.

Kuna pia majeruhi wa hesabu. NHL ina ukomo wa mishahara, na mchezaji aliye nje kwa muda mrefu huipa klabu nafasi ya kuongeza wengine juu ya ukomo huo. Tampa Bay walicheza msimu mzima wa 2020–21 bila Nikita Kucherov, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Akarudi mchujo ulipoanza, akaongoza ligi nzima katika mchujo huo kwa pointi 32, na Tampa wakabeba Stanley Cup, kombe la bingwa wa NHL. Hakuna sheria iliyovunjwa. Wakati huo ukomo haukufanya kazi kwenye mchujo. Kelele zilizofuata zilidumu miaka, na kuanzia msimu wa 2025–26 kikosi kinachoshuka barafuni kwenye mchujo nacho kinapimwa kwa ukomo huo. Ukisoma makala ya zamani kuhusu jambo hili, angalia mwaka kabla hujanakili.

Dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa mapema Machi. Siku hiyo usihesabu majina, uliza nani anauza. Tarehe 7 Machi 2025 Boston walimwachia nahodha wao, Brad Marchand, aende Florida, tena akiwa majeruhi. Habari kwa upande wa Boston ilikuwa kwamba klabu imekubali msimu umekwisha. Kwa upande wa Florida ilikuwa kwamba hawana haraka, wanamtaka apone kwa ajili ya mchujo, na kweli Juni alikuwa anainua kombe nao. Siku hiyohiyo Mikko Rantanen alihamia Dallas. Miezi miwili baadaye akawafunga Colorado, timu iliyomlea, mabao matatu katika kipindi cha tatu cha mechi ya saba. Weka kumbukumbu ya nani katoka wapi. Mchujo una tabia ya kuwakutanisha watu na klabu zao za zamani.

Mchujo ukianza, kunja jedwali lako la msimamo uliweke kando. Ni raundi nne, kila raundi anayetangulia kushinda mechi nne ndiye anapita, kwa hiyo bingwa ameshinda mara 16. Usitabiri kwa pointi za msimu. Tampa walishinda mechi 62 msimu wa 2018–19, wakatolewa na Columbus kwa mechi nne bila kupata hata moja. Boston wa 2022–23 waliweka rekodi ya ligi, ushindi 65 na pointi 135, wakaongoza 3-1 dhidi ya Florida, kisha wakafungwa tatu mfululizo. Florida hao waliingia kwa tofauti ya pointi moja tu, wakaenda mpaka fainali. Utabiri wenyewe mimi nimeshauacha kwa wenye kupenda kubishana vijiweni.

Jambo la kiutendaji: kwenye mchujo hakuna penalti za kuamua mshindi. Muda wa nyongeza ni vipindi vya dakika 20, na linaloingia kwanza linamaliza kazi. Agosti 2020 Tampa na Columbus walifika kipindi cha tano cha nyongeza, na kipa wa Columbus, Joonas Korpisalo, akaokoa mashuti 85 na bado akafungwa. Andaa maelezo ya usuli mapema, kichwa cha habari kisubiri. Mechi ya saa moja jioni Toronto ni saa nane usiku Nairobi na Dar es Salaam, na zile za Edmonton zinaweza kuanza kwetu kunakucha. Andika "usiku wa kuamkia Jumapili" badala ya "jana", msomaji wa Mwanza na wa Minnesota wote watakuelewa.

Na usiwadharau wasomaji kwa kudhani barafu kwao ni hadithi. Nairobi wapo Ice Lions, timu ya hoki ya barafu iliyokulia kwenye uwanja mdogo wa hoteli ya Panari kando ya Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walipelekwa Canada wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa. Wale watakusahihisha, na watakuwa sahihi.

Timu ikishatolewa, siku chache baadaye wachezaji hukusanya vitu vyao na kuongea na waandishi mara ya mwisho. Hapo ndipo siri za majeruhi zinapomwagwa. Mwaka 2013 ilijulikana kuwa Patrice Bergeron wa Boston alicheza mechi ya mwisho ya fainali akiwa na mbavu iliyovunjika, bega lililoachia na pafu lililotoboka. Mwaka 2023 Matthew Tkachuk wa Florida alikuwa na mfupa wa kifua uliovunjika. Njoo siku hiyo na daftari lako la mchujo mzima: nani alipunguziwa dakika, nani aliacha kupiga mashuti, nani alikosa mazoezi mara tatu. Uliza kwa tarehe na kwa mechi, si "ulikuwa unaumwa?" Kisha iandike jioni hiyohiyo, kwa sababu kesho yake wengi wao wako kwenye ndege.