Nimeomba mtoto miaka sita, Mungu amenyamaza

Shikamoo shangazi. Nina miaka 34, ndoa yangu ina miaka sita, sijapata mtoto. Nimefunga kavu, nimekesha, nimepakwa mafuta. Mchungaji anasema imani yangu haba, nipande mbegu kubwa zaidi. Sasa hata kupiga magoti siwezi. Mungu ananisikia kweli?
Aliyechoka, Morogoro

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hilo la imani haba, maana naona limekujeruhi. Soma 1 Samweli sura ya 1. Hana alikuwa Shilo akilia kwa jambo hilihili lako, na kuhani Eli alipoona midomo inacheza bila sauti akadhani amelewa. Kuhani mzima alimdhania vibaya mwanamke aliye katikati ya maombi. Wako naye anaweza kukosea. Tena Hana alipata mtoto, lakini Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke (2 Wakorintho 12) na haukutoka. Alipewa neema, hakuambiwa imani yake ndogo. Kwa hiyo sitakuahidi mtoto, na anayekuahidi kwa ukubwa wa sadaka usimpe hata shilingi.

Maombi marefu yaache kwanza, na kufunga bila maji pia. Fungua Zaburi 13, ina aya sita tu. Mbili za mwanzo ni malalamiko: "hata lini" inarudi mara nne. Andika "hata lini" zako nne, ukitaja kila kinachokuuma: hedhi inapokuja, maswali ya wifi, chumba kisicho na mtoto. Aya ya 3 na 4 ni ombi, andika moja. Ya 5 na 6 ni tumaini, na hapo wengi hukwama, kwa sababu hukimbilia shangwe kabla hawajalia, sala ikabaki mdomoni. Siku usipoweza kufika aya ya 5, ishia ya 4. Zaburi 88 inaishia gizani, na imo ndani ya Biblia. Kumlalamikia Mungu ni kumwamini bado, maana unamwendea yeye. Dakika kumi zinatosha.

Kisha hospitali, wewe na mumeo pamoja. Uchunguzi hushauriwa baada ya mwaka mmoja wa kutafuta mimba bila mafanikio. Ukishafika miaka 35, baada ya miezi sita. Hukusema kama mumeo amepimwa, na mara nyingi tatizo huwa upande wa mwanamume. Apimwe manii, akiwa amekaa bila tendo siku 2 hadi 7. Wewe muulize daktari kuhusu picha ya mirija ya uzazi, ambayo hupigwa hedhi ikishakoma, kabla yai halijatoka. Maambukizi ya zamani huweza kuziba mirija bila maumivu yoyote.

Tafuta pia mwanamke mmoja wa kuomba naye. Mwambie mapema asikupe ushauri wala unabii, asome tu nawe zile aya, na siku ya majibu ya vipimo awe nawe pale hospitali.